Kisu cha laki na themanini kimeniachia mpini mkononi. Nimepigwa, au nimekosea mimi?

#1 Mzee wa Mizinga

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi ni mfugaji nyuki wa kawaida tu. Naishi Ipagala hapa Dodoma, mizinga yangu iko upande wa Chemba, ya magogo juu ya mibuyu na ya kisasa michache nimeitundika kwenye migunga. Miaka yote nimetumia panga na kisu cha jikoni. Mwaka huu nikasema na mimi nijipongeze, nipate kisu cha porini cha kueleweka, kile cha kuvaa kiunoni mpaka mkienda msituni vijana wanauliza "mzee, hicho umekitoa wapi?"

Nikakutana na tangazo la duka moja la mtandaoni. Kisu kimechomekwa kwenye gogo, moshi unafuka kwa nyuma, maandishi makubwa: chuma D2, chuma kizima mpaka mwisho wa mpini, dhamana ya maisha. Maisha ya nani hawakusema. Nikatuma Sh 185,000, kesho yake mzigo nikaupokea stendi ya Nanenane.

Boksi, jamani. Boksi jeusi, zito, lina sumaku, ukilifunga linasema "tap". Ndani sponji imechongwa umbo la kisu chenyewe. Nilikaa nalo mezani nafungua nafunga mpaka mama watoto akauliza kama nimenunua simu.

Kasoro ya kwanza niliiona usiku uleule, nikajifanya sijaiona. Pale mpini unapokutana na ubapa pana mwanya, kucha inaingia. Ukikishika usawa wa jicho na kukitazama kwa mgongo, kama fundi anavyotazama ubao, ubapa umeelekea kushoto. Makali upande mmoja mapana, upande wa pili membamba, kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwenye haraka. Ala ni ya plastiki na kisu kinacheza humo ndani. Ukitembea kinagonga kama kengele ya mbuzi. Nikajiambia, bwana, kisu ni kukata.

Tukaenda kurina. Siku ya kwanza nimekata matawi ya mgunga ya kuwashia moshi, si makubwa, unene wa kidole gumba. Makali yakalala. Hayakumeguka, yamelala: ukipitisha kidole kwa pembeni unasikia yamejikunja upande mmoja kama ukingo wa sufuria. Siku ya pili jioni, niko kwenye mzinga wa nne, mpini ukaniachia. Mpini mkononi mwangu, ubapa umebaki mzingani, na nyuki wamenizunguka.

Nyumbani nikachungulia ndani ya mpini kwa tochi. Wakuu, humo hamna kile chuma kizima. Kuna boliti nyembamba, unene wa kalamu, iliyochomelewa kwenye kisiki cha ubapa na kukazwa kwa nati kule nyuma. Na zile ribiti tatu za shaba zinazong'aa ubavuni? Urembo. Hazishiki kitu, zimebandikwa kwa gundi. Moja nimeing'oa kwa kucha.

Muuzaji nimemwandikia. Akajibu "boss bidhaa ikishatumika hairudi". Nikamtumia picha. Tiki za bluu, kimya, leo siku ya sita.

Naomba kujua: nimepigwa, au visu vya siku hizi ndivyo vilivyo? Na hiki kinatengenezeka?

#2 Jogoo la Bahi

Pole mkuu. Ulinunua boksi, kisu ukapewa nyongeza.

#3 kwatamoja

Uzi bila picha ni porojo. Weka picha tuone hiyo boliti.

#4 Mzee wa Mizinga

Nimeweka tano. Ya tatu ndiyo pale palipokatika, nimeipiga kwa karibu.

#5 Mchoma wa Msalato

Mzee wangu shikamoo. Mimi nachoma nyama pale mnadani Msalato, Jumamosi moja napitisha mbuzi mpaka mkono unakufa ganzi. Kisu changu kilitengenezwa kwa msumeno wa chuma uliokatika, mpini wa mti nimeufunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Nilikinunua Sh 6,000. Nakinoa asubuhi kwenye kinoo, mchana nakipitisha mara mbili tatu kwenye kitako cha kikombe cha kauri pale pasipo na rangi, naendelea. Mwaka wa nne huu. Kimelika mpaka kimekuwa chembamba kama jani la muhindi, ila ukigusa kiungo cha mbuzi kinaingia chenyewe.

Si kwamba nakucheka. Nakucheka kidogo.

#6 Bwana Kinoo

Pole, lakini tuwe wakweli. Mleta uzi ameandika "mpini ukaniachia". Haya ni maneno ya bodaboda, kila aliyeanguka utasikia pikipiki "iliteleza yenyewe". Mzinga wa nne, jioni, umechoka, nyuki wamekasirika. Ulikuwa unakata nini hasa kisu kikaachia?

#7 Mzee wa Mizinga

Haya. Sikuwa nakata.

Viunzi vya juu vilikuwa vimegandishwa na gundi ya nyuki, na lile bapa la chuma la kubandulia nilikuwa nimelisahau kwenye pikipiki, mwendo wa dakika kumi. Nikapenyeza kisu katikati ya viunzi, nikanyanyua. Mara ya kwanza kiunzi kikatoka. Mara ya pili ndipo ukasikika ule mlio.

#8 Bwana Kinoo

Nilijua. Kisu si mtarimbo. Hata angekuuzia kisu cha milioni, ukikigeuza mtaimbo utalia tu. Kosa nusu kwa nusu.

#9 kwatamoja

Mtarimbo au mtaimbo? Mbona umeandika yote mawili?

#10 Bwana Kinoo

Chagua utakalo, vyote vinabandua.

#11 Fuawe

Nimechelewa kuingia, nilikuwa kazini. Mimi nafua vyuma huku Kizota, na mzee wangu alifua kabla yangu. Hiyo nusu kwa nusu ya Bwana Kinoo siikubali, na sababu iko kwenye picha ya tatu.

Mzee, ikuze hiyo picha. Pale palipokatika pana rangi mbili. Upande wa chini ni kijivu kinachong'aa. Hapo pamekatika siku hiyo mkononi mwako. Upande wa juu, karibu nusu nzima, ni peusi na pana kutu ya kahawia. Kutu haiingii ndani ya chuma kikiwa kizima. Inaingia kwenye ufa, na inataka muda. Kisu hicho kimetoka kiwandani kikiwa tayari kimepasuka nusu, wewe umemalizia nusu iliyobaki. Usingekinyanyulia kiunzi kingekatika wiki ijayo ukimenya muwa.

Halafu tazama vile vitundu kwenye ulehemu, vimejaa kama andazi. Aliyechomelea hakusafisha chuma, au alikuwa na haraka, au vyote. Na kuna jambo ambalo mtu asiye fundi halioni: chuma cha kisu kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kisha ukakiacha kipoe haraka, pale pembeni ya ulehemu panakuwa pakavu kama kioo. Ndiyo maana hakikupinda kwanza kukuonya. Kimelia tu.

Sasa kuhusu hiyo D2 iliyoandikwa ubavuni. D2 ni chuma cha kutengenezea vifaa vya kukatia na kufyatulia vyuma vingine viwandani, kina kaboni kama asilimia 1.5 na kromiamu kama 12. Kikiivishwa sawasawa, yaani kikichomwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu, kinafika 60 hivi kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell. Chuma kigumu namna hiyo kikikutana na mgunga kinaweza kumeguka vipande vidogo kwenye makali. Kulala kama ukingo wa sufuria ni tabia ya chuma laini. Kwa hiyo ama si D2, ama ni D2 ambayo haikuivishwa. Kwako wewe mwenye kukata hakuna tofauti.

Hakikisha mwenyewe. Chukua tupa mpya, ile ndogo ya kunolea msumeno, ipitishe taratibu kwenye makali karibu na mpini. Ikiteleza kama inapita juu ya chupa, chuma kimeiva. Ikishika na kuacha unga, umeuziwa bati nene.

#12 Mzee wa Mizinga

Nimejaribu sasa hivi, jirani kaniazima tupa. Inashika. Imeacha unga kwenye gazeti. Nimejaribu na kisu cha jikoni cha mama watoto, kile cha Sh 4,000 cha sokoni Majengo: tupa imeteleza kidogo kabla ya kushika. Kisu cha jikoni kimekishinda cha porini.

Na ameniona nikikikwangua. Hilo ni tatizo jipya.

#13 Mpima Viwanja

Nimefanya kazi ya upimaji miaka kadhaa, Chamwino, Mpwapwa, Kongwa, kufyeka mistari ya kupitisha vipimo. Kanuni yangu moja tu: kisu ambacho chuma chake hakionekani pande zote mbili za mpini, kutoka mwanzo mpaka kitakoni, kwangu ni toy. Mkia wa panya, yaani chuma chembamba kilichofichwa ndani ya mpini, ni wizi. Ndio maana nimebaki na panga la mamba.

#14 Fuawe

Mpima, hapo umezidisha. Mkia mwembamba si wizi. Wafini wana kisu chao wanakiita puukko, mkia wake mwembamba umezama ndani ya mti, na wanaishi nacho msituni kwenye theluji. Panga za Wajapani zina mkia ndani ya mpini na zinashikwa na kipini kimoja cha mwanzi. Mora za Sweden, zile za bei nafuu zenye mpini wa plastiki, mkia hauishii hata kitakoni, na watu wanazitumia miaka.

Tofauti ni hii: ule mkia ni chuma kilekile kilichofuliwa pamoja na ubapa. Kitu kimoja, kama shingo na kichwa. Huyu mzee kauziwa kichwa kilichogundishwa shingoni. Halafu wakamwekea ribiti za uongo ili akitazama ubavuni aamini mkia ni mpana. Ribiti ndizo zinazonikera kuliko boliti. Boliti ni ubahili. Ribiti mtu amekaa akafikiri.

#15 Mpima Viwanja

Hapo kwenye ribiti nakubali. Kwenye mkia nabaki na msimamo wangu.

#16 Binti Mpunguzi

Habari zenu. Mimi niko kwenye zabibu, Mpunguzi. Msimu wa kupogoa tuliletewa mikasi yenye maandishi ya Kijerumani, springi zilitoka siku ya kwanza, moja iliruka ikapotelea kwenye mchanga. Kwa hiyo mzee, hauko peke yako.

Swali: hili si la kupeleka FCC, ile Tume ya Ushindani? Wanashughulika na bidhaa bandia, na sheria ya ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa. Tangazo liliandika chuma kizima. Ulipiga picha ya tangazo?

#17 Mzee wa Mizinga

Dada Binti Mpunguzi, asante. Tangazo sikulipiga picha, na nilipolitafuta jana limeshabadilishwa. Sasa limeandikwa "muundo imara". Risiti ya muamala wa simu ninayo, ina jina la mtu, si la duka. Nitaandika barua, lakini sina haraka ya kupanda ngazi za ofisi kwa Sh 185,000 wakati asali iko kwenye ndoo inasubiri kuchujwa.

#18 Jogoo la Bahi

Yaani ndugu muuzaji kasoma huu uzi kabla hujamaliza kuuandika.

#19 Bwana Kinoo

Baada ya maelezo ya Fuawe napunguza. Mzee robo, kiwanda robo tatu. Chini ya hapo siteremki, maana bapa la kubandulia lilikuwa kwenye pikipiki.

#20 Mzee wa Mizinga

Robo naipokea.

Fuawe, turudi kwenye swali langu la mwisho. Kinatengenezeka? Nikuletee Kizota unichomelee upya?

#21 Fuawe

Usinipe hiyo kazi, nitakula hela yako bure. Nikichomelea mkia mpya, moto utapanda kwenye ubapa na huo ugumu kidogo uliobaki utaondoka. Ili nifanye sawasawa itanibidi nikilainishe chote, nichomelee, kisha nikiivishe upya, na ili nikiivishe lazima nijue ni chuma gani. Maandishi ya ubavuni yameshatudanganya mara moja. Kama kweli ni D2 inataka joto la kama nyuzi 1,000 na kulishikilia hapo bila kuyumba. Jiko langu la mkaa na mvukuto haliwezi kuahidi hivyo.

Nitakutengenezea kingine kwa springi ya Land Rover. Springi za gari nyingi zina kaboni kama asilimia 0.6, nazifahamu, hazinidanganyi. Kwanza naigonga nisikie: ikilia kama kengele ni nzima, ikilia kama debe ina ufa ndani, naitupa, maana springi nyingi zimechoka kwa makorongo yetu haya. Nafua, naacha mkia mpana mpaka kitakoni (Mpima afurahi). Kuivisha nafanya jioni jua likishazama, kwa sababu mchana rangi ya chuma inakudanganya. Nina sumaku ya spika mbovu. Chuma kikifika mahali sumaku haikishiki tena, naongeza moto kidogo, natumbukiza kwenye oili ya joto. Si maji. Maji yatakipasua.

Hapo kinakuwa kigumu kama chupa na kitavunjika kama chupa. Kwa hiyo nakisugua king'ae, nakirudishia moto mdogo, kama nyuzi 200, mpaka kiwe na rangi ya asali changa. Wewe rangi hiyo unaijua kuliko mimi.

Bei Sh 35,000, mpini wa mkwaju, ribiti tatu za kweli. Boksi sina.

#22 Mzee wa Mizinga

Je kutu? Asali ina uchachu, panga langu likilala na asali usiku mmoja asubuhi lina madoa meusi.

#23 Fuawe

Kitashika kutu. Hicho si chuma kisichoshika kutu, usije ukarudi hapa kunianzishia uzi. Osha, kausha, paka nta. Nta si unayo?

#24 kwatamoja

Nimecheka na "nta si unayo".

#25 Mchoma wa Msalato

Fuawe, na mimi niwekee kimoja, chembamba, cha kuchunia. Tutaelewana kwa nyama.

#26 Mzee wa Mizinga

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita.

Kisu cha Fuawe ninacho. Nianze na ubaya wake, msije mkasema nimepewa hongo. Si kizuri. Mgongoni alama za nyundo zinaonekana, mpini mnene kidogo kwa mkono wangu, nimeupunguza mwenyewe kwa msasa jioni mbili. Hakina ala, nimeshonewa ya ngozi ya ng'ombe na fundi viatu pale Sabasaba, Sh 8,000, inanukia mbuga nzima. Siku ya kwanza nilikisahau na asali, kikatoa doa kama ramani ya Ziwa Victoria, halitoki.

Sasa uzuri. Nilirudi Chemba kumalizia mizinga iliyobaki. Nimekata mgunga uleule, nimechonga vigingi viwili, nimekata masega, usiku tumechinja mbuzi wa mwenyeji wangu na kisu hichohicho kikatenganisha viungo. Asubuhi nikakipitisha kwenye unywele wa mkono, ukatoka. Tupa niliyoazima kwa jirani inateleza. Na kwenye kila mzinga nilikuwa na bapa la kubandulia kiunoni, Bwana Kinoo, limefungwa kwa kamba ili lisisahaulike.

Muuzaji alinipigia juzi, namba ngeni. Anasema "mzee wangu futa ule uzi nikurudishie nusu". Nikamwambia arudishe yote, uzi nitauacha ila nitaandika kwamba amerudisha. Akakata simu. Basi huo ndio mwisho wetu, FCC nimepeleka barua na risiti, nikijibiwa nitasema hapa.

Ule ubapa wa zamani nimeufunga kitambaa, mama watoto anakwangulia ukoko wa sufuria. Kwa kazi hiyo, kusema haki, hauna mpinzani.

#27 Bwana Kinoo

Limefungwa kwa kamba. Nimeridhika.

#28 Binti Mpunguzi

Na lile boksi?

#29 Mzee wa Mizinga

Boksi lina nyuzi na sindano. Linafunga vizuri sana, tap.

#30 Jogoo la Bahi

Unaliuza shilingi ngapi?